Ushindi 1,422 wa Gregg Popovich: unahesabiwaje, na kwa nini hakufukuzwa

Mechi ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani, inayoanza saa moja usiku kule San Antonio, Texas, kwa saa za Tabora ni saa kumi alfajiri, au saa tisa Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Wachache huamka kuitazama. Habari za ligi hiyo huingia mitaa yetu ya Isevya, Ipuli na Ng'ambo kwa vipande vya video na picha zenye maandishi makubwa, na ndiyo maana mabishano kuhusu Gregg Popovich hayaishi. Tarehe 2 Mei 2025 aliachia ukocha wa San Antonio Spurs akiwa ameiongoza timu hiyo misimu 29. Maswali yakawa yaleyale kila kijiwe. Kocha gani anakaa timu moja miaka yote hiyo bila kufukuzwa? Inawezekanaje ahesabiwe ushindi wa msimu ambao karibu wote alikuwa mgonjwa? Mbona kocha Phil Jackson ana ubingwa mara 11 na Popovich mara 5, halafu Popovich ndiye anayeitwa mwenye rekodi ya ushindi mwingi zaidi? Na je, si nyota wake Tim Duncan ndiye aliyembeba?

Mshabiki wa soka la Tanzania ana sababu ya kushangaa. Msimu wa 2024/25 Yanga walianza na Miguel Gamondi, akaja Sead Ramovic, wakamaliza na Miloud Hamdi, na ubingwa wakachukua vilevile. Aliyezoea hayo, misimu 29 inamfikia kama hadithi ya kumchekesha mtoto.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya ubishi inatokana na watu wawili kutumia neno moja kwa maana mbili.

Msimu wa kawaida ni mechi 82 ambazo kila timu hucheza kuanzia Oktoba hadi Aprili. Baada ya hapo timu 16 zinaingia kwenye mtoano, ambako wapinzani wawili hukutana mpaka mmoja afikishe ushindi wa mechi nne. Anayevuka hatua zote nne ndiye bingwa. Takwimu za msimu wa kawaida na za mtoano huwekwa kwenye madaftari mawili tofauti. Ule ushindi 1,422 ni wa msimu wa kawaida peke yake. Mtoano una daftari lake: Popovich alishinda mechi 170 na kupoteza 114.

Kocha mkuu hufundisha, hupanga nani aanze na hubadilisha wachezaji mechi ikiendelea. Meneja mkuu husajili, huuza, huajiri kocha na humfukuza. Hapa Tabora, panapogawanyika reli ya Kigoma na ya Mwanza, mgawanyo huu unaeleweka haraka: dereva wa treni anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini mabehewa atakayovuta hayachagui yeye, yanapangwa na watu wa stesheni. Popovich kwa miaka mingi alikuwa dereva na mkuu wa stesheni kwa pamoja. Liweke hilo akilini, maana ndilo jibu la swali la kufukuzwa, na watu wengi hulipita bila kuliona.

Neno la mwisho ni drafti. Kila mwaka timu za NBA hugawana wachezaji wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichukuliwa hivyo mwaka 2009, akiwa wa pili kuitwa, na Memphis Grizzlies.

Hesabu ya 1,422

Rekodi kamili ni ushindi 1,422 na vipigo 869, yaani mechi 2,291, sawa na ushindi wa asilimia 62. Rekodi ya ushindi mwingi zaidi aliivunja tarehe 11 Machi 2022 dhidi ya Utah Jazz, alipofikisha 1,336 na kumpita Don Nelson mwenye 1,335. Nelson huyo ndiye aliyempa Popovich kazi ya usaidizi kule Golden State Warriors kuanzia 1992 hadi 1994, baada ya benchi zima la ufundi la Spurs, naye akiwemo kama msaidizi, kuondolewa.

Kuhusu ushindi wa akiwa mgonjwa, wanaouliza wana hoja. Popovich alipata kiharusi tarehe 2 Novemba 2024, msimu ukiwa na mechi tano tu. Katika hizo tano alishinda mbili na kupoteza tatu. Mechi 77 zilizobaki ziliongozwa na msaidizi wake Mitch Johnson, aliyeshinda 32 na kupoteza 45. Utaratibu wa NBA ni kwamba kaimu akikalia benchi huku kocha mkuu akiwa bado na cheo chake, matokeo huandikwa kwa jina la kocha mkuu. Ndivyo ilivyokuwa pia msimu wa 2015/16, Luke Walton alipoiongoza Golden State Warriors kushinda mechi 39 na kupoteza 4 wakati Steve Kerr anauguza mgongo. Zote 39 ziko kwenye jina la Kerr.

Kwa hiyo ukitaka mechi ambazo Popovich mwenyewe ndiye aliyekuwa kazini, toa 32 kwenye 1,422 ubaki na 1,390. Bado anaongoza. Anayesema rekodi imechakachuliwa ana namba sahihi na hitimisho baya.

Phil Jackson je? Kwa ubingwa hana mpinzani: 11, anayemfuata ni Red Auerbach mwenye 9. Popovich yuko kundi la watano watano pamoja na Pat Riley na John Kundla. Hata kwa uwiano Jackson yuko juu, kwa sababu alishinda 1,155 na kupoteza 485, asilimia 70. Kinachomtofautisha Popovich ni muda na mahali: ubingwa wa 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014, wote kwa timu moja, na mtoano misimu 22 mfululizo kuanzia 1998 hadi 2019. Hakuna sababu ya kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Ukiulizwa nani mkubwa, muulize kwanza aliyekuuliza anahesabu nini.

Kiti alikipataje

Popovich alizaliwa 1949 East Chicago, Indiana. Alisoma Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani na kumaliza 1970. Ukocha mkuu aliuanzia kwenye timu ya vyuo vidogo viwili vya California vinavyocheza pamoja, Pomona-Pitzer, ambako msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 2 na kupoteza 22. Mwaka 1988 akaingia Spurs kama msaidizi wa Larry Brown, akaondoka 1992, akarudi 1994. Safari hii hakurudi kama kocha. Alirudi kama bosi wa masuala yote ya mpira.

Sasa ifike Desemba 1996. Kocha wa Spurs alikuwa Bob Hill, mtu aliyeshinda mechi 62 na kisha 59 katika misimu miwili iliyotangulia. Nyota wao David Robinson aliumia mgongo, timu ikaanza msimu kwa ushindi 3 na vipigo 15. Popovich akamfukuza Hill, na kiti akakikalia mwenyewe. San Antonio walikasirika, na mtu yeyote wa Tabora angekasirika vilevile: bosi anamtoa kocha anayependwa kisha anajiajiri, naye hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa hata siku moja.

Tena akafanya vibaya. Robinson alirudi, akacheza mechi sita, akavunjika mguu. Chini ya Popovich timu ilishinda 17 na kupoteza 47. Kocha wa kawaida angeondoka hapo. Lakini mwenye kalamu ya kufukuza alikuwa yeye, na juu yake walibaki wamiliki peke yao.

Hapo ndipo hudaiwa kwamba alipoteza makusudi ili ampate Tim Duncan kwenye drafti. Tazama jinsi drafti inavyofanya kazi halafu uamue. Timu ambazo hazikuingia mtoano huingizwa kwenye bahati nasibu. Mipira 14 yenye namba 1 hadi 14 huwekwa kwenye mashine, hutoka minne, na mpangilio wa kutoka hauhesabiwi. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Mmoja huachwa, 1,000 hugawiwa timu, mbovu zaidi zikipata mingi. Mwaka 1997 Spurs walikuwa wa tatu kutoka mkiani. Waliokuwa na nafasi kubwa ni Boston Celtics, walioingia na chaguo mbili, lao na la Dallas. Mashine ikawapa Spurs namba moja, na Celtics wakaangukia ya tatu na ya sita. Kama ule ulikuwa mpango, ulikuwa mpango wa kutegemea mipira ya plastiki. Kwa kanuni zilizoanza 2019, timu tatu za mkiani zote zilipewa asilimia 14 sawasawa za kupata namba moja, hivyo kuwa wa mwisho kabisa hakukuongeza nafasi ya namba moja kuliko kuwa wa tatu.

Hata Duncan akiwepo kiti hakikuwa salama mara moja. Msimu wa 1998/99 ulifupishwa hadi mechi 50 kwa mgogoro wa mikataba. Spurs wakaanza kwa ushindi 6 na vipigo 8, na mashabiki wakataka kocha aondoke. Kati ya mechi 36 zilizobaki walishinda 31, mtoano wakapoteza mbili tu, New York Knicks wakafungwa fainali 4–1. Mtu akikwambia Popovich hakuwahi kukaribia kufukuzwa, mpeleke kwenye zile mechi 14 za mwanzo.

Duncan, na yaliyofuata

Hoja ya kwamba yeyote angeshinda akiwa na Duncan ina ukweli ndani yake, tusiifukuze. Duncan alicheza misimu 19, akastaafu 2016, na ubingwa wote watano yumo. Msimu wa kwanza bila yeye Spurs bado walishinda mechi 61. Lakini wachezaji wazuri walipokwisha, na ushindi ukaisha: msimu wa 2022/23 ulikuwa 22 kwa 60, uliofuata 22 kwa 60 tena, na humo walipoteza 18 mfululizo. Victor Wembanyama, aliyechaguliwa wa kwanza 2023, aliyakuta hayo. Kocha bora duniani hageuzi timu changa kuwa bingwa kwa kupiga kelele.

Ila hoja hiyo inaacha mambo mawili. La kwanza ni nani aliyewaleta wengine. Manu Ginobili alichaguliwa wa 57 mwaka 1999, wakati drafti nzima ilikuwa na majina 58. Tony Parker alikuwa wa 28 mwaka 2001. Kawhi Leonard alipatikana 2011 kwa kubadilishana na George Hill. Timu 28 nyingine zilikuwa na nafasi ya kumchukua Ginobili.

La pili ni kwamba timu ya 1999 na ya 2014 hazifanani hata kidogo. Ile ya mwanzo ilikuwa na warefu wawili chini ya kikapu, Robinson na Duncan; mpira ukiingizwa ndani taratibu, na mpinzani akinyimwa hewa kwa ulinzi. Popovich hakuficha kwamba mtupo wa pointi tatu, ule wa kutoka nje ya mstari wa mbali, haupendi. Lakini aliona unakoelekea mchezo, akabadili. Alianza na kona, kwa sababu mstari wa NBA kwenye kona uko mita 6.71 kutoka kikapuni na juu uko mita 7.24. Zaidi ya nusu mita bure, kwa pointi zilezile tatu.

Kufikia 2014 Spurs walikuwa na kanuni ya nusu sekunde. Ukishika mpira, ndani ya nusu sekunde uwe umeamua: unatupa, unapasi, au unaingia kikapuni. Sababu yake ni ya miguu. Beki anayekimbilia mpira hawezi kusimama na kugeuka papo hapo. Pasi ikija kabla hajasimama, anafika amechelewa, anayemsaidia anaacha mtu wake, na mtu huyo ndiye anayepata pasi inayofuata. Ukishika mpira sekunde mbili ukipiga chenga za kujionyesha, mabeki wote watano wameshajipanga. Fainali ya mwaka huo Miami Heat walifungwa 4–1, na kwa jumla ya mechi zote tano Spurs waliwazidi kwa pointi 70.

Mwaka mmoja kabla, Heat haohao walikuwa wamewatoa, na mechi ya sita ya fainali ile bado inabishaniwa. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Spurs wanaongoza kwa pointi tatu, Popovich alimweka Duncan benchi. Alitaka watu wepesi uwanjani wa kubadilishana wapinzani wa kulinda na kuzuia mtupo wa mbali. Mtupo wa kwanza ulikosa kweli. Tatizo likawa mpira uliorudi: bila Duncan, Chris Bosh aliuokota, akampa Ray Allen kwenye kona, pointi tatu, 95–95. Heat wakashinda muda wa nyongeza 103–100 na wakachukua mechi ya saba. Naona uamuzi ule ulikuwa na mantiki, na ulikuwa na shimo. Ulinzi hauishi mtupo unapokosa, unaisha mpira ukiwa mikononi mwako.

Dakika

Jambo ambalo Popovich aliligeuza kwenye ligi nzima ni mapumziko. Tarehe 29 Novemba 2012, baada ya safari ndefu ya ugenini, aliwarudisha nyumbani Duncan, Parker, Ginobili na Danny Green kabla ya mechi ya Miami iliyokuwa inarushwa taifa zima. Walipoteza 105–100, na kamishna David Stern akaipiga timu faini ya dola 250,000. Watu walisema anadharau mashabiki. Msimu wa 2013/14 hakuna mchezaji hata mmoja wa Spurs aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi. Walishinda 62, kisha wakachukua kombe.

Kocha wa timu ya shule kama Milambo, Tabora Boys au Tabora Girls anaweza kuiga hili bila hata shilingi, ila asinakili namba za NBA. Wao hucheza robo nne za dakika 12, sisi kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, hucheza dakika 10. Dakika 40 mara watu watano ni dakika 200 za kugawa. Wapeni watano wa kwanza 26 kila mmoja, hiyo ni 130. Zimebaki 70: watatu wa akiba 16 kila mmoja, wawili 11 kila mmoja. Watu kumi, na nyota wako anaingia robo ya nne miguu ikiwa hai.

Wengi hufanya kinyume, nyota anacheza 40 zote juani kwenye uwanja wa saruji, na dalili ni zilezile. Robo ya tatu anaacha kurudi kulinda. Robo ya nne miguu inachelewa kwa hiyo anazuia kwa mikono, na mikono ndiyo inayoleta faulo. FIBA unatoka kwa faulo tano, siyo sita kama NBA. Na kuanzia faulo ya tano ya timu ndani ya robo, mpinzani anapewa mitupo huru miwili. Kocha analaumu refa, kumbe aliyechosha timu ni yeye.

Kubadilisha wachezaji nako kuna mtego. Kikapu kikiingia saa haisimami, isipokuwa dakika mbili za mwisho za robo ya nne na muda wa nyongeza, hivyo unaweza kusubiri nafasi dakika mbili nzima. Mpeleke wa akiba mezani mapema, aripoti mwenyewe, akae tayari filimbi ipulizwe. Ukianza kumtafuta baada ya filimbi, mpira umesharudi mchezoni.

Kona pia isikudanganye. Mstari wa FIBA kwenye kona uko mita 6.60 na juu mita 6.75, tofauti ni sentimita 15 tu. Faida ya kona kwetu ni kwamba beki ana njia ndefu ya kuifikia. Umbali hausaidii kitu.

Na taimauti, yaani kocha kusimamisha mechi ili aongee na timu yake. Popovich alijulikana kwa kuzisimamisha mechi mapema mno, wakati mwingine robo ikiwa imeanza sekunde chache tu zilizopita, kwa sababu mtu mmoja hakurudi kulinda. Tangu 2017 yeye alikuwa na saba kwa mechi nzima. Wewe kwa FIBA una mbili kipindi cha kwanza, yaani robo mbili za mwanzo, na tatu cha pili. Usipozitumia mbili za mwanzo kabla ya mapumziko, hazihamii kipindi cha pili. Na kati ya zile tatu, ndani ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne unaruhusiwa mbili tu. Ukifika pale ukiwa na zote tatu, meza inafuta moja.